Bibi alizaliwa mwaka wa nzige. Ni mwaka gani huo?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaoandika maisha ya wazee wao, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: mzee anakumbuka mengi, ila hana tarehe hata moja. Tumechagua saba. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa sababu njia zake zinafaa hata kwa walioandika mengine.

SWALI: Bibi yangu ni Mgogo. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1930. Mwenyewe anasema alizaliwa mwaka wa nzige, basi. Nataka kuandika maisha yake wajukuu wayasome. Nishike mwaka upi? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Kitambulisho kiweke pembeni kwanza. Ukiona 1 Januari au 1 Julai kwenye karatasi ya mzee, ujue karani aliuliza mwaka, akakadiria, kisha siku na mwezi akajaza mwenyewe. Hata huo mwaka 1930 ni namba ya mviringo, na makarani hupenda namba zinazoishia na 0 au 5.

Nzige nao hawakuja mwaka mmoja. Nzige wa jangwani waliingia Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1920, wengi wakitajwa kuanzia 1928. Nyuma yao wakafuata nzige wekundu, ambao wana mazalio kwenye mbuga za Rukwa, na hao wakasumbua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo neno "nzige" peke yake linakupa zaidi ya miaka kumi. Muulize alichosikia kwa mama yake: je, walikuwa wageni, watu wakashangaa? Au watu walishawazoea, wakachimba mitaro ya kufukia tunutu, yaani nzige wachanga? Kama walishangaa, uko kwenye mwanzo wa kipindi.

Sasa mbane bibi kwa pande mbili, juu na chini.

Upande wa juu ni ndugu zake waliomtangulia. Ugogo wana njaa moja inayotajwa kwa jina, Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyotokea baada ya majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza kuchukua chakula, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Uliza nani kati ya kaka na dada zake alibebwa mgongoni wakati wa Mtunya. Tuseme ni kaka mkubwa: basi alizaliwa karibu na 1918. Halafu hesabu waliofuata mmoja mmoja, pamoja na waliokufa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wakiuliza "mlizaliwa wangapi?" hutajiwa waliokua tu. Uliza hivi: "Uliachiana ziwa na nani?" Kisha: "Na huyo aliachiana ziwa na nani?" Ukienda hivyo, mtoto aliyefariki akiwa wa miezi mitatu naye atatajwa. Kwa mama anayenyonyesha mpaka mtoto atembee, nafasi kati ya mtoto na mtoto huwa miaka miwili na nusu hadi mitatu na nusu. Mtoto akifa mchanga, nafasi hupungua mpaka mwaka mmoja na nusu hivi. Kama kati ya kaka huyo na bibi kuna watoto wawili waliopona utotoni, hizo ni nafasi tatu, yaani miaka saba na nusu hadi kumi na nusu. Bibi anaangukia kati ya 1925 na 1929.

Upande wa chini ni watoto wake mwenyewe. Tafuta mtoto wa kwanza mwenye karatasi ya kuaminika: cheti cha ubatizo cha utotoni, au kadi ya kliniki. Tuseme ni mimba ya nne, na mtoto alizaliwa Machi 1953. Rudi nyuma: mtoto wa tatu yu hai, ondoa miaka mitatu. Wa pili alifariki mchanga, ondoa mmoja na nusu. Wa kwanza yu hai, ondoa mitatu. Umefika karibu na Septemba 1945. Msichana wa wakati ule alivunja ungo akiwa na miaka kama 14 hadi 16, kwa kuwa lishe haikuwa ya leo, akaolewa, akazaa akiwa na 16 hadi 19. Toa miaka hiyo kwenye 1945: amezaliwa kati ya 1926 na 1929.

Pande zote mbili zimekutana, na nzige wageni wako 1928 na kuendelea. Andika: "Alizaliwa karibu na 1928 au 1929." Karani wa kitambulisho hakuwa mbali sana, ila sasa unajua kwa nini unasema unachosema. Usiandike mwaka mmoja mkavu, na wala usikimbilie kubadilisha kitambulisho. Hesabu hii ni ya kitabu cha ukoo, si ushahidi wa ofisini.

Ukishapata mwaka, matukio mengine yapime kwa mwili wake. Swali la "ulikuwa na miaka mingapi?" halimsaidii mzee ambaye hakuwahi kuhesabu. Muulize alikuwa anaweza kufanya nini. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka? Hiyo ni miaka sita au saba. Mkono wake ukipita juu ya kichwa ulifika sikio la upande wa pili? Walimu walitumia kipimo hicho kuandikisha darasa la kwanza, nacho pia ni sita au saba. Alichunga mbuzi tu, au alishapewa ng'ombe? Alibebeshwa mdogo wake mgongoni? Maziwa yalikuwa yameanza kuota? Majibu ya aina hii huchelewa au kuwahi kwa mwaka mmoja au miwili tu, wakati umri wa kukisia unaweza kupotea kwa kumi.

SWALI: Cheti cha ubatizo cha baba kina mwaka 1936. Baba anasema yeye ni wa 1929. Nani mkweli? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Huenda wote wawili. Angalia kama 1936 ni mwaka wa kuzaliwa au wa kubatizwa. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walimweka mkatekumeni (anayejiandaa kubatizwa) kwenye mafundisho miaka minne, kwa hiyo mtu asiyezaliwa katika nyumba ya Wakristo alibatizwa akiwa ameshajitambua. Cheti ulichonacho ni nakala fupi. Nenda parokiani uombe kitabu chenyewe cha ubatizo, ukiwa na jina la ubatizo, jina la baba yake, jina la msimamizi na mwaka wa kukisia. Vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini: *natus* au *nata* ni kuzaliwa, *baptizatus* ni kubatizwa, na *circa*, ambayo mara nyingi imefupishwa *ca.*, maana yake ni "karibu na". Soma na pambizo, maana ndoa na kifo huandikwa humo kwa mkono mdogo. Zawadi kubwa mara nyingi iko pambizoni.

SWALI: Ndani ya jalada la msahafu wa ukoo mmeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwamba babu yetu alizaliwa "usiku wa Alhamisi, 12 Rajabu 1341". Nimetumia programu ya simu, imenipa Jumatano tarehe 28 Februari 1923. Siku hazilingani. Nani kakosea? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Hakuna aliyekosea, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba aliyeandika alijua alichoandika.

Tuanze na mwaka. Njia ya haraka bila simu: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Kwa 1341 unapata 1922 na ushee. Hesabu hiyo inakuonyesha mwaka ulipoanzia, kwa makosa ya miezi michache. Mwaka 1341 ulianza Agosti 1922, na Rajabu ni mwezi wa saba, kwa hiyo umeshavuka kuingia 1923.

Sasa siku. Programu inafuata kalenda ya hesabu, ambamo miezi ya siku 30 na 29 hupishana. Lamu ya 1923 ilifuata mwezi kuandama, na mawingu yakiuficha, mwezi unaotangulia unakamilishwa siku 30. Kwa hiyo 12 Rajabu ya Lamu inaweza kuwa siku moja baada ya ile ya programu, nayo ni Alhamisi tarehe 1 Machi. Mwandishi akasema "usiku wa Alhamisi". Kwa wenyeji wa pwani siku huanza jua likizama, hivyo usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia mchana wa Alhamisi, ambao kwa kalenda ya ukutani bado ni Jumatano tarehe 28 Februari. Andika hivyo: "usiku wa kuamkia Alhamisi, 1 Machi 1923". Kanuni ya kushika ni kwamba siku ya juma ina nguvu kuliko tarehe ya mwezi. Mtu anaweza kukosea kama leo ni tarehe 12 au 13, lakini si rahisi akosee kwamba kesho ni Ijumaa.

Tahadhari moja. Kama umri wa mzee umehesabiwa kwa miaka ya Hijria, anaonekana mkubwa kuliko alivyo, kwani miaka 33 ya mwezi mwandamo ni kama 32 ya jua. Mtu wa "miaka 99" kwa hesabu hiyo ana 96.

SWALI: Babu marehemu alisema alipigana "vita vya Mjerumani". Tumebaki na medali mbili na karatasi iliyoliwa na mchwa nusu. Ni vita ipi, ya kwanza au ya pili? (Msomaji, Songea)

JIBU: Swali zuri, kwa sababu zote mbili ni vita na Mjerumani, na jina hilo limepotosha maandishi mengi ya familia. Wazee wengi wa Tanganyika huiita ile ya 1914 hadi 1918 vita vya Mjerumani, na ya 1939 hadi 1945 vita vya Hitla. Lakini usitegemee jina. Tazama alikwendaje, alipigana na nani, alilipwa nini.

Wa vita ya kwanza alikwenda kwa miguu. Atakuwa alitaja Rufiji, Mahenge, Mahiwa ya karibu na Lindi ambako mapigano makubwa yalitokea Oktoba 1917, au kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba mwaka huohuo. Wengi hawakushika bunduki bali mizigo. Hao ndio Kariakoo, yaani "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, jina lililobaki sokoni Dar es Salaam na, kwa tamko la Nairobi, Kariokor. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara na vichomi kuliko kwa risasi. Posho ilikuwa unga wa mahindi, waliozoea ndizi au wali hawakujua kuupika, na mara nyingi hapakuwa na muda wala kuni za kuuivisha, hivyo matumbo yakaharibika. Familia ikisimulia kwamba "babu alirudi akiwa mifupa mitupu, hakutaka tena kuona ugali", hiyo ni dalili ya kuandika. Na malipo yalikuwa ya rupia.

Wa vita ya pili alipanda meli. Alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), na maadui zake walikuwa zaidi ya mmoja: Mwitalia kule Habeshi (Ethiopia) 1941, Mfaransa kule Bukini (Madagaska) 1942, na Mjapani kule Bama (Burma, leo Myanmar) 1944. Askari wa Afrika Mashariki walipitia Seloni (leo Sri Lanka) kwa mazoezi, kisha Divisheni ya 11 ikasonga katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, kwenye tope na ruba, kuanzia Agosti 1944 mpaka mwisho wa mwaka. Mjerumani mwenyewe wengi wao hawakumwona kabisa! Wakilipwa, ilikuwa shilingi.

Medali zitakumalizia ubishi. Chukua kurunzi, iwashe ikiwa imelala ubavuni mwa medali ili mwanga upite juu ya ukingo wake, kisha usome ukingo. Medali za Kiingereza za vita ya kwanza ziliandikwa namba, jina na kikosi kwenye ukingo. Moja ni ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na miaka 1914 na 1918, nyingine ni ya rangi ya dhahabu yenye umbo la mtu mwenye mabawa. Za vita ya pili walizopewa askari wetu hazikuandikwa jina, ukingo ni mtupu. Nyota za vita hiyo zina pembe sita. Nyota ya Burma ina neno hilo kwenye duara la katikati, na ilitolewa kwa waliokuwa kwenye uwanja huo kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Kama babu alikuwa upande wa Mjerumani 1914, hutakuta medali ya Kiingereza ya vita hiyo. Lakini wapo waliokuwa askari wa Mjerumani kisha wakaandikishwa Keya, kwa hiyo kukosa medali si ushahidi.

Usiisugue medali kwa majivu wala limau. Herufi za ukingoni ni nyembamba, zinafutika kwa usafi wa siku moja. Karatasi usiigandishe kwa seloteipu wala kuipeleka ikatiwe plastiki kwa moto, kwani gundi hugeuka kahawia na wino hupotea. Ipige picha kivulini karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na karatasi, pande zote mbili, kisha ilaze kati ya karatasi mbili nyeupe safi ndani ya bahasha. Unachotafuta humo ni namba ya askari, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na ya kuachishwa. Tarehe mbili hizo zikionekana, umepata mifupa ya miaka minne au mitano ya maisha yake bila kubahatisha.

Karatasi ikikosa kabisa, hesabu watoto. Aliyepigana 1916 akiwa na miaka 18 alizaliwa kabla ya 1900. Kama mtoto wake wa kwanza ni wa 1948, ipo shaka kubwa.

SWALI: Nyanya yangu wa Pemba anasema mahari yake ililipwa rupia. Si alikuwa anatania? (Msomaji, Wete)

JIBU: Hakutania. Rupia ilitumika Zanzibar mpaka 1936, ndipo ikaja shilingi ya Afrika Mashariki kwa kiwango cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Bara rupia ilikuwa imeshaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa shilingi mbili kila moja. Kwa hiyo rupia mkononi mwa Mpemba na rupia mkononi mwa Mmrima, mtu wa pwani ya bara, zinapishana miaka kama kumi na mitano. Ila uliza mara ya pili: alizishika mwenyewe, au mahari ilitajwa kwa rupia tu? Watu waliendelea kutaja bei kwa fedha ya zamani miaka mingi baada ya yenyewe kutoweka.

SWALI: Mama anatoka Kasulu. Anasema walihamishwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Nimesoma kwamba ilikuwa 1974, lakini kaka yangu aliyezaliwa kijijini, baada ya kuhama, ana cheti cha 1973. Nirekebishe nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usirekebishe cheti wala kumbukumbu ya mama. Rekebisha ulichosoma, au tuseme, kisome kwa mkoa. Amri ya kwamba wote waishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976 aliitoa Mwalimu Nyerere Novemba 1973, na watu wengi nchini walihamishwa kuanzia hapo. Lakini mikoa kadhaa ilitangulia. Rufiji walihamishwa 1968 baada ya mafuriko, Dodoma 1971, na Kigoma 1972. Kaka wa 1973 yuko mahali pake.

Wewe mwenyewe unaweza kuubana mwaka huo zaidi, maana Kigoma ina alama nzuri. Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walivuka kwa wingi kutokana na mauaji ya huko, kabla ya wengi kupelekwa Ulyankulu na Katumba. Muulize mama: wakimbizi walipofika, ninyi mlikuwa bado kwenye nyumba ya zamani, au mlishahamia kijijini? Alama ya pili ni choo. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilifanyika 1973, na watu wengi wakachimba vyoo kwa sababu yake. Choo hicho walikichimba wapi, kwenye mahame au kwenye kiwanja kipya? Mtu anaweza kusahau mwaka, lakini shimo alilolichimba kwa jembe mwenyewe hasahau lilikuwa wapi.

Halafu muulize yale ambayo vitabu vya Operesheni huyapita haraka. Kuhama kulikuwa kabla ya kuvuna au baada? Walisafiri kwa lori au kwa vichwa vyao, mara ngapi, umbali gani? Nyumba ya zamani iliezuliwa na nani? Waliondoka na milango, mabati, mawe ya kusagia? Kijijini walilala wapi wiki ya kwanza? Shamba la zamani waliendelea kulilima, na ikiwa ndiyo, walitembea saa ngapi kwenda na kurudi? Jibu la mwisho ni la maana sana. Umbali ulipozidi saa moja hivi, nguruwe pori na nyani wakawa ndio wavunaji, kwa kuwa hakuna wa kulinda. Hivyo familia ikaanza upya kwenye ardhi isiyozoeleka, bila samadi, bila migomba wala miti ya matunda, ambayo haikui kwa msimu mmoja.

Jihadhari na jambo moja hapa. Ukame wa 1973 hadi 1975 na Operesheni vilikuja pamoja sehemu nyingi, na baadaye ukaja unga wa mahindi ya njano kutoka nje, ambao wengi waliuita unga wa Yanga. Wazee huvifunga vitu hivyo vitatu kuwa kimoja: "walituhamisha, tukafa njaa, tukalishwa Yanga." Usimkatize kumsahihisha. Andika kauli yake kama alivyoisema, kisha katika sentensi yako mwenyewe eleza mvua ilikuwaje na lini walihama. Sisi hatuoni kwamba amekosea. Anaeleza mambo yalivyomfikia mlangoni.

Mkiweza kufika kwenye mahame, nendeni naye. Mwembe mkubwa, mkonge wa mpakani, mafiga yaliyobaki, kaburi. Chora ramani kwa mkono, mzee akiwa amesimama palepale, na weka namba kwa kila alichokionyesha. Saa mbili za kutembea huko zinafumbua mengi kuliko wiki ya maswali barazani.

SWALI: Mzee wetu alizaliwa 1940, lakini anasimulia Maji Maji kana kwamba alikuwepo: "tulikimbilia porini, tukala mizizi." Nimwandikeje bila kumfanya mwongo? Na nimrekodi kwa vifaa gani? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Maji Maji ilianza Umatumbi katikati ya 1905 na njaa yake ikaendelea hadi 1907 na zaidi. "Tu" ya mzee ni ya ukoo, si ya mwili wake. Muulize maswali matatu: nani alikusimulia, mlikuwa mmekaa wapi, na wewe ulikuwa mkubwa kiasi gani? Akisema ni bibi yake, jikoni, akiwa bado hajaenda jando, umepata mnyororo: bibi aliyeona 1905, mtoto aliyesikia karibu na 1948. Andika: "Anasimulia kama alivyosikia kwa bibi yake." Mizizi iandikwe kwa jina lake la Kimatumbi, na jinsi ilivyolowekwa au kuchemshwa kuondoa sumu. Ukipata maelezo hayo, una kitu ambacho ripoti za Mjerumani hazina.

Lipo na kundi jingine la hatari: yale aliyoyasikia redioni au kuyasoma darasani yakachanganyika na ya bibi. Dalili yake ni lugha. Akifika kwenye maneno ya kitabu, "wakoloni", "ukombozi", tarehe kamili, amehama kutoka jikoni kwa bibi. Usimzuie. Subiri amalize, kisha uliza, "Na bibi aliliitaje jambo hilo?"

Vifaa: simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isiite, futa nafasi ya kutosha, na iwe na chaji zaidi ya nusu. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kinywani, si juu ya meza tupu kwani kila kikombe kitasikika kama nyundo. Rekodi dakika mbili, sikiliza, ndipo uanze. Maadui wakubwa ni mabati wakati wa mvua, jogoo, na mjomba anayejibu badala ya mzee. Huyo wa mwisho mpangie zamu yake, siku nyingine.

Anza kila kipande kwa sauti yako: tarehe, mahali, majina ya waliopo, na ruhusa ya mzee. Dakika 40 hadi 60 zinatosha. Baada ya hapo mzee hujibu ili muondoke. Asubuhi baada ya chai ni bora kuliko jioni. Usiulize "je, maisha yalikuwa magumu?" maana jibu lake ni "ndiyo" tu. Uliza sabuni ilipatikana wapi, nani alisuka mkeka aliolalia, chumvi ilikuwa shilingi ngapi, kwenye karatasi au kwenye kopo.

Saa moja ya sauti inakula saa tano au sita za kuandika. Tumia daftari lenye safu nne: alichosema, alama ya wakati aliyoitaja, mwaka unaokadiria, na sababu ya makadirio hayo. Safu ya nne ndiyo watu huiruka, na ndiyo utakayoitafuta miaka mitatu baadaye dada yako akikubishia. Nakili sauti sehemu mbili zilizo nyumba tofauti. Ukimaliza sura, msomee mzee kwa sauti, polepole, ukiwa na kalamu mkononi. Atakusahihisha majina, ataongeza mtoto uliyemsahau, na pengine ataomba jambo fulani litolewe. Likitajwa jina la mtu aliye hai, au mtoto wa nje, au nani alimsaliti nani, litoe.